Igga na Ukuta wa Rejaf

Jumatatu, 12 Mei 2025

Leo amekuja dukani. Huyo Igga anayemtaka binti yangu Sanyu. Alisema saa nane, akafika saa nane na dakika arobaini – eti raksha ya magurudumu matatu iliharibika Munuki. Vumbi mpaka kwenye soksi. Mwalimu wa historia! Miaka kumi na saba nauza mabati, saruji na misumari hapa Gudele, Juba, sijaona bado historia ikiezeka nyumba.

Akanyoosha mkono anisalimie.

Kwetu Buganda mama hamgusi mume wa binti yake. Hata kidole. Hata kikombe hampokezani – unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Ukivunja mwiko huo, mwili unaanza kutetemeka na hautulii tena. Shangazi alinionyesha mtu wa hivyo kule Masaka nikiwa mdogo. Hakuweza kushika kijiko. Sanyu anayajua haya yote, nimemlea nayo.

Kwa hiyo nikaupokea mkono wa Igga. Nikautikisa vizuri, mara tatu, macho yangu kwa Sanyu. Maana yake: huyu ni mteja tu, si mkwe.

Sanyu akaingia stoo. Dakika ishirini anahesabu misumari niliyokwisha kuihesabu.

Igga mwenyewe hakuelewa kitu. Mtu wa Kajo-Keji, kakulia kambini Uganda, Kiganda chake cha kuokota. Alifurahi! Akasema asante Mama kwa kunipokea.

Maskini.

Jumanne, 13 Mei

Milly, anayekaanga chapati mbele ya duka langu, hakuniacha ninywe chai.

"Nyabo, eti umemtikisa mkono mkwe wako?"

"Si mkwe."

"Haya. Ukianza kutetemeka usije kwangu kushika chapati."

Wajomba wa Igga wanataka kuja kuposa Jumapili. Nikisema hapana, hawaji. Nikinyamaza, wanakuja. Sanyu amenieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto. Kwamba hataolewa mpaka nikubali. Na kwamba hataolewa na mwingine. Ana miaka ishirini na sita. Hii ndiyo faida ya kumsomesha mtoto – anakufungia milango yote miwili na wewe uko ndani.

Simchukii huyo kijana. Niandike hapa ambapo hakuna anayesoma. Naogopa wanaume wanaosema vizuri. Baba yake Sanyu alisema vizuri. Tulikuja Juba pamoja, 2008, trei kumi na nne za mayai kwenye lori kutoka Nimule. Zilifika nzima saba. Alinichekesha njia nzima! 2013 akarudi Masaka kuleta mzigo. Mzigo haujafika mpaka leo, wala yeye.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia Sanyu: nataka kuona kazi ya huyo mtu. Si cheti. Kazi.

Jibu limekuja baada ya saa moja. Ijumaa ni sikukuu, tupande kilima cha Rejaf, kuna kuta za zamani anazipima. Akatuma na picha kwenye simu ya Sanyu: Ugiriki, kijiji cha pwani, juu yake kilima, juu ya kilima mawe yameanguka. Eti watu wanapanda ndege kwenda kuyaona. Nimeitazama sana. Wagiriki wale wale waliojenga maduka ya zamani hapa Juba, kumbe kwao nako kumebomoka. Lakini wamezungushia kamba na kuweka mtu wa kukata tiketi. Akili hiyo.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Wateja wanne. Sanyu anasema nivae raba. Nina viatu vya kanisani, vina soli nzuri. Nimepanda mapaa ya watu mwenyewe kuhesabu mabati yao. Kilima ni nini?

Ijumaa, 16 Mei, sikukuu

Naandika nikiwa juu, kwa penseli ya Igga. Nimekaa kwenye jiwe. Mguu wa kulia umevimba kama mkate wa maziwa. Nieleze kwa mpangilio, maana sina kazi nyingine.

Emma, dereva wa raksha, alituchukua saa moja asubuhi. Vizuizi viwili njiani, wanajeshi wana sikukuu yao, wamepiga pasi. Chini ya kilima kuna kijiji, mitumbwi imegeuzwa, samaki wamekaushwa juu ya mabati – geji thelathini na mbili, membamba, mabovu. Tukamwacha Emma pale, tukapanda watatu. Nilihesabu hatua elfu moja mia moja na sita. Mara nne Igga alisimama akajifanya anafunga kamba ya kiatu ili nipumue. Niliona. Nikashukuru kimoyomoyo, nikamwambia anunue kamba nzuri.

Juu – ee! Mto wote unauona. Juba iko kule kama kiberiti kilichomwagika.

Na ukuta. Urefu mita thelathini na nane, unene sentimita sabini, kimo kinafika kiunoni, kwingine kifuani. Nilipiga hesabu papo hapo.

"Lori tano za mawe," nikasema. "Sita ukibomoa na kona."

"Mama, tafadhali!" Igga akashika kichwa. "Sema polepole, kijiji kitasikia."

Kwa sababu wanayachukua kweli, kwa ajili ya misingi. Amenionyesha madaftari. Tisa! Kila jiwe limechorwa, lina namba. Jumamosi mia moja arobaini amepanda hapa. Nani anamlipa? Hakuna. Mvua ikiangusha jiwe, anatafuta namba yake, analirudisha.

Nikamuuliza nani alijenga.

"Wengine wanasema Waturuki. Wengine Wabelgiji. Bibi yangu alisema wafungwa. Sijui, Mama. Ndiyo maana napima."

Sijui. Nimekaa Juba na mainjinia wanaojua kila kitu, na nyumba zao zimelala upande. Huyu ananiambia sijui, na Jumamosi inayofuata anapanda tena. Nikahesabu tena zile mia moja arobaini. Karibu miaka mitatu. Mtu anayerudi mahali pamoja miaka mitatu, bila malipo.

Nilikuwa nafikiria hilo, sikutazama chini. Jiwe likaviringika. Viatu vya kanisani! Nikasikia kifundo kikilia kama ubao. Igga akaruka kunidaka, nami nikapiga kelele: "Acha!" Akabaki mikono hewani.

Kukanyaga siwezi. Simu hazina mtandao huku. Sanyu ameshuka kumwita Emma na vijana wa kijiji. Sasa dakika arobaini na saba. Wingu limetoka upande wa Kajo-Keji, jeusi, na radi. Huku juu hakuna mti, hakuna paa, ni sisi tu.

Igga yuko upande wa pili wa ukuta. Tumeongea. Naandika kabla sijasahau.

Alisema amezoea kumbebea mama yake magunia ya mihogo. Dakika ishirini tuko chini.

Nikasema nina kilo themanini na nne.

Akasema gunia la mihogo halina adabu, mimi angalau nitatulia.

Nilicheka. Mguu ukauma. Halafu Igga akasema:

"Sanyu aliniambia jana. Kuhusu ule mkono."

Nikafuta tope kwenye kiatu.

"Mimi nilikuwa nimefurahi. Nilimpigia mama yangu simu."

Nikatazama mto. Nilitaka ardhi ifunguke. Kwa makusudi nilifanya, mara tatu, na mtu akampigia mama yake simu.

"Basi, Mama, sikiliza. Kama mimi si mkwe, hakuna mwiko. Mimi ni mtu tu mwenye mgongo. Radi inakuja. Nikubebe, na Jumapili wajomba nitawaambia wasije. Sitakulaumu. Wewe sema tu."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Ametengeneza hesabu ambayo yeye ndiye anayepoteza, akaniletea nitie sahihi, kwa sababu ya mguu wangu.

Nikapiga mahesabu. Wingu, pengine robo saa. Kushuka na mguu huu, haiwezekani. Kubebwa, dakika ishirini. Mtu mwenye akili anajua jibu. Mimi nina akili.

Nikamwambia: "Usiniguse."

"Mama, radi –"

"Igga. Usinisogelee kabisa. Na hiyo chupa ya maji usinipe mkononi. Iweke juu ya ukuta, urudi nyuma, nitaichukua mwenyewe."

Nikafikiri hakuelewa tena. Halafu nikaona chupa inawekwa juu ya ukuta, polepole, kwa mikono miwili, kama kikombe cha kanisani. Akarudi nyuma. Nimehesabu: hatua kumi na mbili. Akageuka akanipa mgongo, ndivyo inavyotakiwa kwa mkwe, na nani alimfundisha sijui. Mabega yake yanatikisika. Analia au anacheka, siwezi kumuuliza, nami sina haki ya kulia, lakini kitambaa changu kimelowa, na mvua bado haijaanza.

Sasa naona watu. Sanyu mbele, Emma nyuma yake na ubao wa mtumbwi, vijana wawili. Wako pale kwenye kona ya mwisho. Emma ananionyesha anga kwa kidole, anapiga kelele haraka, haraka.

Sanyu amesimama. Ananitazama mimi, anamtazama Igga kule aliko, na mgongo wake. Anatazama chupa. Amejishika mdomo; ameelewa.

Emma anamsukuma apande. Hasogei. Matone yameanza kwenye karatasi na mtoto huyu bado hasogei.