Aliyekwenda Skuli kwa Kanzu ya Mwenziwe

Al Qabil, nyumbani kwa mwanangu

Mdogo wangu Mwanakombo,

Kabla hujasoma, tazama uzi. Bahasha nimeishona kwa uzi mweusi, na mshono wa mkono wangu unaujua. Ukiukuta umekatwa, basi yule binti wa Muheza niliyempa barua hii, mfanyakazi wa jirani anayekuja likizo, ameshaisoma, na usimpe hata maji ya kunywa.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. U mzima? Magoti yanakubeba? Mie sijambo, alhamdulillahi. Sukari inanipanda na kunishuka, na joto la huku ng'ambo weye hulijui, maji ya bomba yanatoka yameshachemka. Tende nimekutilia kwenye mfuko wa khaki. Zifiche, watoto wa nyumba hiyo nawajua.

Sasa nikugombeze. Umenitumia sauti kwenye simu, nami nikaifungua sebuleni mbele za watu, unapiga kelele: "Dada! Kaja bwana mmoja na mwalimu mkuu, wanataka kuweka kibao kwenye geti la skuli, kina jina la Babu!" Ukampa chai. Ukamtolea na picha ya Babu ukutani. Mwanakombo, kinywa chako hakina komeo? Ndiyo maana naandika kwa kalamu, ingawa kusoma kwangu kuliishia darasa la nne. Simu ina masikio.

Zuwena, mjukuu wangu anayesomesha skuli ya Nizwa, ameletewa posa kutoka mji wa Ibra. Upande wa marehemu mume wangu hawana la kuuliza, ni watu wa hapa hapa, wanajuana. Wanachochimba ni mie, bibi mzaa baba, nimetokea kwa nani. Na siku hizo hizo za posa ndipo anazuka bwana huko Pangani anatafuta khabari za Babu? Mtu wa skuli huuliza skuli, madawati na viboko. Mtu wa posa huuliza mama. Nawe umesema kwa mdomo wako kwamba swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama yake mwalimu alikuwa nani?" Nani kamtuma? Hukuuliza. Ulikuwa unatafuta sukari ya chai.

Bibi wa huyo kijana, Bi Thuwaiba, amezaliwa Unguja, Kiswahili chake safi kuliko chako. Alikuja na wakwe zake, tukawaandalia matunda na halwa. Huku mgeni akitosheka na kahawa hutikisa kikombe. Yeye hakutikisa. Kila nikimimina, anapokea tu, macho kwangu. Nikajua huyu kaja kukaa.

"Babu yako alisoma wapi, Bi Rukia?"

Nami nikanyoosha shingo. Kwa nini nisinyooshe? "Skuli ya serikali, Pangani, enzi za Mdachi. Akawa mwalimu, kisha akapewa skuli zote za wilaya azisimamie. Akizizungukia kwa punda, mwambao mpaka milimani."

"Mashaallah." Akanywa. "Lakini ajabu. Bibi yangu akituambia watoto wa watu hawakutiwa skuli ya Mdachi. Wakifichwa darini. Amri ikija kila nyumba itoe mtoto, hutolewa mtoto wa mtumwa, akavikwa kanzu ya bwana mdogo, akafundishwa kuitika jina lake."

Ndipo akatikisa kikombe.

Mwanakombo, kumbe miaka yote fahari yangu ndiyo iliyokuwa ikinichongea! Kila nikimtaja Babu na skuli yake, mwenye kujua anajua. Nikasema neno gani sijui, labda nilizungumzia tende.

Walipoondoka, Zuwena akaweka sinia chini. "Bibi, ni kweli?"

"Chukua vyombo."

"Vyombo vitakaa. Ni kweli?"

Mtoto kichwa kigumu, kama nani sijui. Nikamwambia asiseme mbele ya mama yake. Nikamweleza kama alivyotueleza Baba: kwamba Salim alikuwa mtoto wa bwana wa ile nyumba, na Babu alikuwa Feruzi, mtoto wa mjakazi wa jikoni. Kwamba kanzu ya Salim ilimfunika mpaka vidole, akaitika Salim, akasoma Salim, akazeeka Salim, nasi tukalirithi jina hilo kama letu, hata kwa mume nikaja nalo. Na kwamba alipokuwa mkubwa wa skuli, jumbe wa kijiji akimletea watoto, Babu akitazama mikono ya kanzu. Ikiwa mirefu, hakumgombeza mtu. Akiinama akimwuliza mtoto, "Mama yako anakuitaje?" na jina hilo ndilo atakaloitwa darasani, jumbe apende asipende.

Zuwena akasema, "Na yeye Babu, nani alimpeleka siku ya kwanza?"

Unakumbuka, Mwanakombo? Mtumishi wa nyumba ndiye aliyemshika mkono mpaka mlangoni pa skuli. Mama yake akafuata nyuma, unga mikononi, hakuna aliyemwita. Akamwambia mwalimu yale maneno ya wazazi wanapomkabidhi mtoto chuo cha Kurani: "Nyama yako, mifupa yangu." Yaani mpige, mfunze, lakini nirudishie mtu mzima. Watu wakacheka. "Mifupa yako tangu lini?" Kwa sheria ya wakati ule hata ukucha wa yule mtoto haukuwa wake. Akayarudia maneno yake, kisha akarudi jikoni.

"Alikuwa nani jina lake?" Zuwena akaniuliza.

Nikafungua mdomo. La bwana wa nyumba nalijua, na baba yake, na babu yake, naweza kuyapanga mpaka kuadhiniwe. La yule mama silijui. Weye unalijua? Hulijui.

Basi bwana yule wa kibao akirudi, kwanza mwulize katumwa na nani, tena mtazame usoni akijibu, si kwenye vikombe. Simwamini bado. Lakini hata ikiwa katumwa na Ibra, mwambie yote. Swali lake ni la haki, sisi ndio hatukuwahi kuliuliza. Kibaoni waandike Feruzi, aliyeletwa skuli na mama yake. Wakikataa, kibao hatukitaki.

Ibra wamenyamaza tangu siku ile. Zuwena chakula anakionja tu, na mie sijui moyoni mwake kuna nini. Wasipokuja, tumewajua. Wakija, nitawaambia kabla ya kahawa: mtoto huyu nyama yenu, mifupa yetu. Atakayecheka, mlango anauona.

Nisalimie mumeo, ambaye salamu zangu huzila asijibu. Nisalimie mkweo mpika mikate, na mjukuu wako fundi cherahani, mwambie dera alilonishonea linabana. Yule wifi yako mtega sikio usimwambie kama nimeandika.

Mimi dada yako,
Rukia, mjukuu wa Feruzi