Kipanya Kisicho na Mkia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, wewe na wenzako wote wa karakana ya kuchomelea. Natumaini macho yako hayakusumbui tena, na kwamba ile miwani ya kukinga cheche unaivaa usoni, si kuitundika shingoni kama pambo. Sisi huku hatujambo. Mimi nimekonda kidogo au nimenenepa kidogo, inategemea umemuuliza nani. Mama ni mzima kupita kiasi, na hilo nitalifikia.

Barua yako aliniletea yule dereva wa lori la vifaa, akanikuta kwenye kiwanda chetu cha uchapaji nikipanga lebo za chupa za sabuni kwenye kompyuta. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa mashine ya kukata karatasi akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Eti mmewekewa kompyuta kwenye chumba cha mapumziko, kila jioni mnatoana jasho kwa gemu, na sasa unataka kununua kipanya kisicho na waya kama changu, ila kwanza nikuambie uzuri wake na ubaya wake. Kaka, ungeniuliza mwaka jana ningekujibu kwa mistari miwili. Sasa siwezi. Hicho kidude kimepindua nyumba yetu juu chini. Na kwa vile huko kwenu simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, itabidi usome karatasi zote hizi. Tafuta pa kukaa.

Siku nilipokileta nyumbani nilimwambia Mama nimenunua kipanya kipya, hakina mkia. Alikuwa jikoni, akasikia nusu tu. Alitoka na ufagio, akaanza kupiga chini ya kabati huku akilalamika kwamba watu wazima hawaleti panya nyumbani halafu wakachekelea. Nilipomwonyesha, alikigeuza kama alivyokuwa akigeuza watoto wachanga wodini enzi za uuguzi wake kutafuta vipele, akasema ni chepesi mno, lazima nimeuziwa ganda tupu.

Wepesi huo ndio uzuri wake wa kwanza. Mkono unateleza tu. Hakuna waya wa kukwama kwenye kona ya meza wala wa kuvuta kikombe cha chai juu ya mapaja yako. Ukikisogeza kidogo tu, mshale umeshafika kule unakotazama. Pembeni kina vitufe viwili vya kidole gumba, na hata kazini navitumia: kimoja kinafuta, kingine kinarudisha, na msimamizi wetu anadhani nimeongeza bidii.

Ubaya wake niliujua wiki ileile. Kinakuja na kidude kidogo kama punje ya hindi, ambacho unakichomeka kwenye kompyuta ili viongee. Bila hiyo punje huna kipanya, una jiwe. Mama alikifagia mara ya kwanza, nikakiokota kwenye takataka. Mara ya pili nilikikuta mfukoni mwa aproni yake. Alidhani ni kifungo cha shati langu. Halafu kina tabia ya kusinzia. Ukikaa bila kukigusa kinalala kama mlinzi wa zamu, na ukikishtua kinachukua muda kukumbuka kiko wapi.

Sasa nikujulishe mtu mmoja. Kuna fundi saa amefungua kibanda mkabala na kiwanda chetu. Ni mtu wa umri wa Mama, pengine pungufu kidogo, mpole, anavaa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Mkewe alifariki zamani, binti yake ameolewa mji mwingine na akamwachia kompyuta. Alikuja kiwandani kuchapisha kadi za kibanda chake wakati wa mapumziko ya mchana, akanikuta nacheza lile gemu la kulinda daraja, wawili dhidi ya wawili, mmoja akilenga maadui na mwenzake akijenga na kukarabati. Alisimama nyuma yangu akitazama. Kisha akaniambia kwa adabu kabisa kwamba nguzo yangu ya kushoto inakaribia kuanguka. Ikaanguka. Nilipomtazama, akaniambia yeye hulicheza kila siku baada ya kufunga kibanda, na kwamba mikono isiyotetemeka ndiyo mali yake pekee.

Kaka, yule mzee ni hatari! Anakarabati daraja kana kwamba anarudisha skrubu kwenye saa ya kike. Tukaunda timu siku hiyohiyo. Ila kwenye suala la kipanya tuligombana tangu mwanzo. Chake ni cha waya, cha kizamani, kimegeuka manjano kama jino. Nilimcheka. Akanijibu kwamba yeye anaishi kwa kubadilisha betri zilizowaangusha watu, kwa hiyo nisimfundishe habari za betri. Nikamwambia awe anakuja kwetu jioni tufanye mazoezi, aone mwenyewe nani ataangushwa.

Mama hakupendezwa. Aliniita chumbani akataka kujua mwanamume yule, tena mwenye mvi, ananitakia nini. Nikamweleza ni mambo ya daraja. Akasema hata yeye aliwahi kuwa msichana na aliwahi kuambiwa mambo mengi, ila la daraja ni jipya. Akaamua kutulinda. Kila Fundi Saa alipokuja, Mama alichukua kiti chake akakiweka katikati yetu, nyuma kidogo, na kapu la maharage ya kuchambua mapajani. Kila baada ya dakika alikohoa. Tulicheza kama watu wanaosimamiwa mtihani.

Kikohozi kikapungua. Nikaanza kusikia maswali. Yule mwekundu ni wetu au ni wao? Kwa nini mnamwacha apite? Siku moja Fundi Saa alitazama ukutani akaiona ile saa ya kazi ya Mama, ile aliyokuwa akiibandika kifuani wodini, imening'inia imesimama. Akauliza kwa nini inateswa hivyo. Mama akamjibu kwamba ilistaafu pamoja naye. Fundi Saa akaomba kuichukua. Alipoirudisha inatembea, Mama aliishika sikioni muda mrefu, akasema tu ahsante, akaenda jikoni. Mimi nilikuwa nahangaika na adui aliyejificha chini ya nguzo, sikulitilia maanani.

Yakatangazwa mashindano kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Tukajiandikisha. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilichomeka kipanya kwenye chaji, nikalala kama malaika. Asubuhi tukatoka wote, Mama akiwa katika gauni lake la bluu, limenyooka mpaka unaweza kujikata nalo. Nilishangaa kidogo, kwa sababu Mama hupiga pasi kwa nadra siku hizi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, Kaka! Vijana wenye vifaa vya masikioni vikubwa kama bakuli, skrini kubwa ukutani, kelele za kutosha kupandisha bati. Walipotuona, binti na babu, walianza kunong'onezana. Walinyamaza baada ya mechi ya kwanza. Ya pili tulishinda kwa tofauti kubwa. Kwenye nusu fainali niliona ubaya mwingine ambao nakuonya juu yake: meza zilibanana, karibu kila mtu ana kipanya kisicho na waya, na changu kikaanza kurukaruka kama kimemwagiwa maji ya moto. Fundi Saa akaniambia niihamishe ile punje kwenye tundu la mbele, karibu na mkono. Kikatulia. Tukaponea chupuchupu.

Halafu fainali. Tunaongoza, daraja limesimama, nimemwona mlengaji wao anachungulia, nasogeza mkono... hamna. Nikasogeza tena. Kitaa chekundu kikapepesa, kikazima. Betri imekwisha kabisa! Hata waya wake wa kuchajia sikuwa nao, nilikuwa nimeuacha ukutani nyumbani. Na hapo ndipo nikasikia sauti ya Mama kutoka viti vya nyuma, akipiga kelele mbele ya ukumbi mzima: “Mwanangu nisamehe! Nilichomoa nipige pasi!”

Watu walicheka mpaka mwamuzi akapiga filimbi. Fundi Saa hakucheka, wala hakusema “nilikuambia.” Aliomba ule muda mmoja mfupi unaoruhusiwa kubadilisha kifaa, akafungua mkoba wake, akatoa kipanya kingine cha waya, kibovu cha sura kuliko kile chake, akakichomeka mwenyewe. “Binti,” akaniambia, “mkono ni uleule. Endelea.”

Niliendelea. Kilikuwa kizito kama tofali, na waya wake ulinivuta kila nilipotaka kugeuka kulia. Walitubomolea nguzo mbili. Yeye akajenga moja, wakaibomoa, akajenga tena, na mimi nikampata mlengaji wao wakati sekunde za mwisho zinahesabiwa kwenye skrini. Tumeshinda, Kaka! Tumeshinda mbele ya watoto wa chuo na makelele yao! Niliruka nikapindua kiti. Nikamwona Mama anakimbia kutoka nyuma, mwanamke aliyeniambia magoti hayamruhusu kupanda ngazi, gauni amelishika kwa mkono mmoja. Nikafungua mikono kumpokea. Akanipita. Akamkumbatia Fundi Saa.

Mimi nilibaki na mikono hewani, nikadhani amezidiwa na furaha na hakuona vizuri. Ndivyo nilivyo mzito, dada yako.

Kuhusu kipanya, basi, nunua. Ukizoea mkono usiofungwa hutataka kurudi nyuma. Ila hakikisha unakichaji mwenyewe, kilinde mwenyewe, na waya wake usiuache popote. Huko kwenu ambako jenereta inazimwa ovyo, weka na cha waya pembeni.

Lakini hilo peke yake lisingenimalizia karatasi. Juzi, baada ya chakula, Mama alifunga redio akaniambia nikae. Alikuwa ameshika ile saa yake anaizungusha vidoleni. Akasema Fundi Saa amemwomba waoane, na kwamba yeye moyoni ameshakubali, ila mdomoni bado. Alisema mwanzoni alikaa pale kweli kunilinda mimi. Halafu akagundua kwamba siku ambazo hatufanyi mazoezi jioni inakuwa ndefu, na maharage alikuwa akiyachambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

Kaka, sitakudanganya. Kwanza nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia. Nilimkumbuka Baba, kikoti chake cha kazini bado kiko nyuma ya mlango, unajua hatujawahi kukiondoa. Nilihisi kama mtu anataka kukivaa. Nilipotoka, nilimkuta Mama palepale, hajasogea, ananitazama kama mtoto anayesubiri kuitwa jina. Sijawahi kumwona Mama ananiogopa. Nikamkumbatia, na safari hii hakunipita.

Sasa anakuogopa wewe. Anasema wewe ndiye uliyeacha shule ukashika kazi Baba alipofariki, ndiye uliyembebea nyumba begani, na hawezi kumwambia yule mzee ndiyo kabla hujasema neno. Amejaribu kukuandikia mara kadhaa, akachana karatasi. Ndiyo maana nimeshika kalamu mimi. Fundi Saa naye amekataa kuja hapa mpaka jibu lako lifike. Anasema si vizuri kukalia kiti kabla mwenye nyumba hajakaribisha. Kwa hiyo jioni zetu zimepooza, na Mama anafagia pasipo na vumbi.

Mimi ninalotaka nimeshalijua. Nataka nimsikie Mama akipiga kelele tena ukumbini. Lakini wewe usiniangalie mimi wala usiharakishe. Lifikirie huko juu ya tangi lako la maji, na ukiwa na hasira, ziandike zote, tutazisoma. Dereva anarudi huko Jumatatu na atakusubiri umalize kuandika, nimeshamwomba.

Wasalimie wenzako, hasa yule mpishi wenu uliyesema anakuibia kwenye drafti. Majirani wa mkono wa kushoto wanakusalimu, mtoto wao ameanza kutembea na ameshavunja kioo chetu kimoja. Msimamizi wangu anauliza kama kambi yenu inahitaji lebo. Jitunze, kula, lala, na ujue huku unapendwa hata na wanaokuogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda

Mwanangu, ni Mama. Nimeisoma barua yote kabla haijafungwa. Dada yako mengi ameyatia chumvi. Lile la mwisho, la mimi na Fundi Saa, hakulitia. Nijibu mimi, usimjibu yeye.