Gunia la Kaya ya Hamsini na Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Kalamu, kama wanavyoniita wote kambini.
Umri: Miaka 47.
Kazi: Karani wa ugawaji wa chakula cha msaada.
Makazi: Nyumba za walimu, katika shule ya msingi wanamohifadhiwa waliohamishwa na mafuriko.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 2:00 asubuhi, niligawa unga kwenye uwanja wa shule. Utaratibu wangu ni kuita jina la mkuu wa kaya mara tatu. Kukiwa kimya napiga mstari, mgao unarudi stoo. Sina mchezo na orodha. Kaya ya 53 hakuitika mtu. Tarehe 12, vivyo hivyo. Tarehe 15 nikaifuta kabisa, nikasema kwa sauti, "Walioshiba wasitusumbue." Watu walicheka. Kauli hiyo naijutia.

Tarehe 16, saa 4:20 asubuhi, fundi baiskeli anayelala darasa la nne aliingia stoo. Alisema, "Shikamoo, mama," akajitwika gunia la unga la kilo 25 akatoka. Nilipiga kelele, mlinzi akamkamata mlangoni. Hakukimbia. Alisema tu, "Nachukua cha kaka." Ni mimi niliyewapigia polisi simu.

Saa 5:00 nilikwenda darasa la nne. Nilimkuta shemeji yake na watoto watatu, mdogo akinyonya pindo la kanga. Kadi yao ilikuwa ya kaya ya 53, kwa jina la mumewe.

Nilimuuliza kwa ukali, "Mbona huitikii?"

"Nilikusikia, Bi Kalamu. Siku zote tatu."

"Sasa?"

"Mume wangu alichukuliwa na maji, hajaonekana. Nikimwitikia mimi, nimeshamzika. Na shemeji naye nilimkataza kuitika."

Nilikaa kwenye dawati. Naita majina mwaka wa kumi na moja huu, na sijawahi kumuuliza aliyenyamaza kwa nini kanyamaza. Watu husema mwenye njaa hana miiko. Yule mama ana njaa, na miiko yake anayo.

Afande ameniuliza kama gunia liliibwa. Lilikuwa lao. Aliyewanyang'anya ni mimi.

Leo tarehe 17, saa 2:00 asubuhi, niliirudisha kaya hiyo kwenye orodha, nikaita namba badala ya majina. Nilipofika hamsini na tatu, yule mama alinyoosha mkono.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, nimeyasema bila kushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Mtuhumiwa ametoka kwa dhamana saa 9:15 alasiri. Mdhamini: shahidi.