Dirir, Nyota Yetu ya Mvua

Hibo mjukuu wangu, assalaam aleikum. Huku Waberi sote wazima, mvua imenyesha na ngamia wa mjomba wako amezaa.

Umeniandikia kwamba Dirir, nyota yetu ya mvua, ilizaliwa wingu kubwa la gesi lilipojikandamiza kwa uzito wake, na kwamba nyota kubwa hivyo huwaka kwa fujo na kufa mapema. Unauliza, "Ayeeyo, si bora kuwa ndogo na kudumu?"

Wakati wa vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani vya majambazi, kijiji chetu kilizungushiwa seng'enge, na baada ya magharibi ilikuwa marufuku kutoka nje. Mama yangu alitoka, akasimama akitazama juu. Askari akamuuliza anangoja nini.

"Dirir," akajibu.

Kwa Kisomali dirir pia ni vita, na mkalimani wa askari akatafsiri hivyo: "Anasema anangoja vita."

Bunduki ikainuliwa. Mama hakuomba radhi. Alinyoosha kidole angani.

"Ni ile pale. Mwambie akaizime."

Askari akatazama juu, kisha akashusha bunduki.

Mama hakuishi miaka mingi. Lakini ile seng'enge, leo hata kutu yake huipati, ila yeye bado twamsimulia.

Wewe waka tu, Hibo.

Bibi yako, Ayeeyo