Ile Protini Isiyotulia

Jumatatu, 3 Novemba

Na isitoshe, mtu mwenyewe hata salamu hajui. Anapiga simu, anaanza kufoka. Huyo ndiye mkuu wa maabara ya mume wangu huko Nairobi. Jina lake sitalitia humu. Namwita Kipara, yatosha.

Komora yuko hapa Garsen tangu harusi yetu. Kazi ya chuo anaifanya kwenye laptopu, mezani, karibu na dirisha. Mimi nakaa kitandani nakunja nguo na kumtazama. Shingo ile. Vidole vile. Sijui wanawake wengine hutazama nini siku nzima. Shati lile lile nimelikunja na kulikunjua ili nisiondoke.

Januari tunahamia Nairobi, wote wawili, chumba chetu wenyewe. Lakini lazima Kipara aridhike na kazi, ndipo msaada wa masomo uendelee. Asiporidhika, hatuendi. Ndiyo maana simu yake moja inaniharibia uji.

Jumatano, 5 Novemba

Wifi Saumu, dada yake Komora, alikuja kuazima mwiko akakaa mpaka adhuhuri. Akachungulia skrini. Wavu wa buluu tu, umejikunjakunja. Akaniambia, "Wifi, huyu kaka yangu kasomeshwa mpaka kaoa, kumbe kazi yake kutazama mawingu." Akacheka peke yake. Mume wake yeye hushinda kibarazani akinyoosha miguu, lakini hilo halioni.

Alipoondoka nikamwuliza Komora anatazama nini hasa. Akanieleza taratibu, mkono wake begani kwangu. Kupe akimwuma ng'ombe humwachia kijidudu. Kijidudu kina protini ndogo, nayo huishika protini kubwa ya ng'ombe. Ila haikazi. Inashika, inaachia, inashika tena. Maabara walizigandisha pamoja zikawa fuwele, punje ndogo kama ya chumvi, na ndani yake jozi zisizohesabika zimepangwa safu kwa safu. Wakaipiga miale ya eksirei. Picha inayotoka si ya jozi moja. Ni ya jozi zote, zimelaliana katika picha moja. Protini kubwa inaonekana wazi kwa kuwa kila mahali imekaa vilevile. Ndogo ni ukungu.

Watu wa dawa wataitazama picha hiyo wajue pa kuziba. Hapa wafugaji wanazika ndama kila masika. Si mchezo.

Nikamwambia sisi hatuko kama hizo protini zake. Sisi tumekaza. Alicheka mpaka macho yakalowa. Nampenda kupita kiasi na ninaandika bila haya.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeelewa ugomvi sasa. Kipara kaichora ile ndogo ndani ya ukungu, imara, mahali pamoja, kana kwamba alikuwepo. Anataka Komora amalizie na aweke jina lake chini.

Leo amepiga tena, sauti ikitoka kwenye spika. "Komora, kijana, shusha kiwango utaiona. Mimi nimeiona. Wewe tu una macho ya bibi harusi."

Bibi harusi nilikuwa nimesimama papo hapo na sahani ya viazi.

Komora akanionyesha maana ya kushusha kiwango. Kompyuta huchora wavu pale tu penye ishara yenye nguvu. Ukiiambia ishushe kiwango, inachora hata mambo dhaifu. Akashusha. Kweli, protini ndogo ikajitokeza. Lakini na vimadoa vikajitokeza kila pembe, hata penye maji matupu ambapo hakuna kitu. Ukishusha vya kutosha utaona chochote unachokitamani. Kipara kajidanganya hivyo, na anauita uzoefu. Mtu mzima, ana ofisi, ana kiti kinachozunguka.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimemdharau mume wangu.

Asubuhi alisema ataweka jina. Kwamba wengi hufanya hivyo. Kwamba aliahidi kunipeleka Nairobi na hataki kuanza ndoa kwa ahadi iliyovunjika. Alisema bila kunitazama. Kisha akakishusha kile kiwango kwa mkono wake mwenyewe na kuanza kunyoosha mchoro wa Kipara.

Naitaka Nairobi. Naitaka sana. Nimeshachagua rangi ya pazia kichwani, rangi ya malai. Lakini aliyekaa pale mezani hakuwa mtu niliyeolewa naye. Nikamwambia, "Umekuwa Kipara mwenye nywele."

Akaendelea kunyoosha mchoro. Nikapika wali bila nazi, makusudi. Tukala kama abiria wasiojuana. Hata shingo yake leo niliiona shingo tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana hatukusemezana. Vibaya mno. Sikujua kitanda kidogo vile kinaweza kuwa kipana.

Leo baada ya chai akanivuta mkono nikae kando yake. Akaiondoa protini ndogo kwenye mchoro, yote, akaiacha kubwa peke yake, akaiambia kompyuta ihesabu upya. Ukiiacha pale, alisema, ramani, yaani ule wavu, hukurudishia kile ulichoweka mwenyewe, inakubembeleza. Ukiiondoa, kama ipo kweli itarudi kwa nguvu zake. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa, na ndilo Kipara alilolikimbia kwa sababu alikuwa na haraka.

Umeme ukakatika. Tukategemea betri. Tukangoja, mimi nimeuma kanga.

Ikarudi. Lakini si pale. Vivuli viwili hafifu, kimoja kimeegemea huku na kingine kule, vikigusana kidogo. Katikati, hasa pale Kipara alipoichora, karibu patupu.

"Inakaa namna mbili," Komora akasema polepole. "Na katika jozi nyingine haipo kabisa. Imeachia."

Akanipa mfano wa baba yake, mwenye shamba Golbanti na duka hapa Garsen. Usiku huu analala huku, usiku ule kule. Ukizijumlisha siku zake zote ukamchora katikati, utamweka kichakani, kando ya njia, mahali ambapo hajawahi kulala hata mara moja. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kipara, msomi mzima, kamlaza baba mkwe wangu kichakani na anataka watu wamtilie sahihi.

Nikamkumbatia huyu mwanamume. Mzuri, mzuri, mzuri. Nikaenda kukuna nazi.

Jumanne, 11 Novemba

Ametuma kwa Kipara. Kachora namna zote mbili, kila moja na uzito wake mdogo, yaani sehemu ya jozi zinazokaa hivyo. Mkia wa ile protini hakuuchora kabisa kwa sababu hauonekani, na ameandika wazi kwamba hauonekani. Kabla ya kubonyeza aliniuliza kama ninajua tunachoweza kupoteza.

"Najua. Tuma."

Rangi ya pazia niliiaga kimoyomoyo. Sikumwambia.

Saumu alipopata habari akaja mbio, akasimama mlangoni. Akasema, "Mtu anapewa chapati ya moto, anaomba kwanza kuikagua." Nikamwambia mimi nimeolewa na mkaguzi, na yeye arudishe mwiko.

Alhamisi, 13 Novemba

Bado tunangoja. Simu tumeiweka mezani kama mgonjwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kipara kajibu. Mistari michache. Picha itatoka jinsi alivyoichora yeye, na jina litakuwa la mwanafunzi mwingine. Msaada wa masomo umekwenda kwa huyo huyo. Komora asijisumbue kurudi Januari. Vile vivuli viwili hakuvitaja. Nadhani hata hakuvifungua.

Nilidhani nitamchukia. Chuki ni kitu kikubwa, hastahili. Namdharau tu, na dharau haichoshi.

Komora aliisoma, akafunga laptopu, akaenda kuoga. Alirudi akinuka sabuni. Ameandikia maabara nyingine mbili na kuwaambatishia mchoro wake. Wakati akingoja, shule ya sekondari hapa inataka mwalimu wa kemia wa muda. Ataenda Jumatatu.

Jioni tulikaa nje ya mlango. Mvua ilikuwa imepita, njia imejaa matope, mbuzi wa jirani wamejipanga ukutani wakikausha manyoya. Nilingoja nililie Nairobi. Machozi hayakuja. Mkono wake ulikuwa gotini kwangu, mzito, haukuondoka.

Mama amepiga simu kutoka Wenje. Anasema hajatuona tangu harusi, na jogoo aliyetuwekea anazidi kuwa mgumu. Nimemwahidi kwamba kabla ya mwezi huu kwisha tutafika, mimi na mkwe wake.