Mjane Aliyegeuzwa Dirisha

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, Boko yote tope, na mie nimeamka na dharau ambayo hata chai haikuiyeyusha.

Leo nimesahihisha karatasi arobaini za Fasihi ya Kiingereza, Kidato cha Nne. Thelathini na tisa zinasema mhusika mkuu wa riwaya ni "window". Dirisha. Kafiwa na mume, kalea watoto watatu, kalima shamba peke yake. Dirisha hilo!

Kosa si la watoto. Mwalimu Komba, mkuu wa somo letu, miaka hiyo aliandika "window" kwenye notisi badala ya "widow", yaani mjane, na notisi za Komba hazisahihishwi, zinakaririwa. Riwaya zenyewe kazifungia kabatini zisichakae. Mtoto mmoja kafafanua kabisa: ni dirisha kwa sababu kupitia yeye tunaiona jamii. Komba alipita mezani kwangu, akasoma, akasema huyo apewe alama zote.

Mmoja tu kaandika "widow". Zuhura, aliyeazima kitabu kwa binamu yake Buguruni. Mwongozo wa kusahihishia unataka dirisha, kwa hiyo Zuhura kakosa. Kapata ishirini na tisa. Asiyefika thelathini anaondolewa kwenye somo, ili wastani wa shule upendeze kwenye bango la getini.

Yaani aliyesoma kitabu ndiye anayefukuzwa kwenye somo la vitabu.

Mchana alikuja ofisini. "Shikamoo madam. Mie mjane namjua. Nyumbani tunaye, anauza vitumbua."

Komba hakuinua hata kichwa. "Wee binti, unabishana na mwongozo? Mjuaji wee! Nenda, fasihi haitaki wajuaji."

Walimu wakacheka. Na mie nikacheka. Kicheko kidogo, cha adabu.

Komba ana shahada kwenye fremu. Mie Kiingereza nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia maandazi, ndiyo maana huwa nanyamaza. Mwaka jana hilo dirisha nililiandika ubaoni mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, huku najua.

Komba ni mjinga wa dhati. Mie ni mjinga wa makusudi, na huyo hana dawa.

Komba alipoondoka nikaichomoa karatasi ya Zuhura. Nikakata kosa, nikampa alama zake mbili: thelathini na moja. Nikaweka saini kamili, jina zima. Orodha nikaipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma, ambaye hasomi kitu, kazi yake mhuri. Akagonga.

Asubuhi Komba ataiona, na mkataba wangu wa muda anaupendekeza yeye.

Sijui kama kesho nitakuwa bado mwalimu. Zuhura kesho ana kipindi cha fasihi, saa mbili kamili.