Upatu wa Ukungu wa Kisiwa cha Tieding

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Bandari ya Xinggang, mkoa wa Fujian
Tarehe: 9 Machi 1926
Jina: Ke Wenbo
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu, zamani msaidizi wa mlinzi wa mnara wa taa
Makazi: Mtaa wa Wasuka Kamba, Xinggang

Natoa maelezo haya nikiwa na akili timamu. Daktari amenipa wiki chache tu. Nimeonywa kwamba maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu mahakamani, nami nimeelewa.

Mwaka 1887 nilifanya kazi katika mnara wa taa wa Kisiwa cha Tieding, kwenye ncha ya kaskazini. Kando ya mnara ulining'inia upatu mkubwa wa shaba, tuliopiga siku za ukungu, taa isipoonekana: mapigo matatu, kimya cha kuhesabu hadi ishirini, kisha matatu tena. Marubani wote wa pwani ile waliyajua mapigo hayo. Meli ikitoka mashariki, iuache upatu upande wa kushoto, nayo itapita kwenye maji ya kina. Kusini ya hapo ni miamba mitupu hadi ncha ya pili, lilipo hekalu la Mama Mazu, anayewalinda mabaharia.

Mnamo tarehe 16 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Mama Mazu, saa mbili asubuhi, msimamizi wa hekalu, Mzee Huang Tuchun, alikuja mnarani na wanaume wanne na mti wa kubebea mzigo. Mkuu wangu alikuwa bara akitibiwa jino.

"Msomi," akaniambia, "upatu wetu umepasuka. Ukiupiga unakohoa kuliko mke wangu. Tuazime huo wako hadi jioni."

Nikamjibu kwamba ni mali ya serikali, na je, ukungu ukija?

"Ukungu utoke wapi, kwapani mwako? Tazama jua hilo! Au wataka sanamu ya Mama tuitembeze kimya kimya kama mwizi?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimekaa kisiwani miaka mitatu, na watu wale ndio walionilisha nilipougua. Nikawapa.

Saa tano na nusu ukungu ukaingia ghafla, hata mkono wangu sikuuona vizuri. Nikakimbilia hekaluni kwa njia ya ngazi za mawe. Nilipofika, maandamano yalikuwa yamesimama. Hapo hapo tukasikia honi ya meli ya moshi, upande wa mashariki. Kuurudisha upatu mnarani kungechukua dakika arobaini.

"Piga hapa hapa, Msomi!" Mzee Huang akasema. "Wasikie tu kwamba kuna nchi kavu!"

Niliona sauti ni bora kuliko kimya. Nilishika rungu mwenyewe. Nikapiga matatu, nikahesabu hadi ishirini, nikapiga matatu. Honi ikaitikia. Nakiri kwamba nilifurahi. Niliendelea kama dakika kumi, na kila mara honi iliitikia karibu zaidi. Kisha tukasikia chuma kikisagika juu ya mwamba, na baada yake sauti za watu.

Meli hiyo, Yongning, ilipoteza watu kumi na tisa. Wanakijiji walitia mashua majini wakaokoa wengine. Mimi sikwenda na mashua. Nilisimamia upatu urudishwe mnarani kabla ukungu haujafunguka.

Mwezi Juni, baraza la uchunguzi liliketi hapa Xinggang. Rubani wa meli alikuwa Zhuang Ashui, mtu wa ukoo wa Zhuang wa mji huu. Alisema: "Nilisikia upatu wa Tieding. Niliuacha kushoto kama sheria ilivyo. Ulikuwa kusini."

Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo siku hiyo mnara ulikwenda kutembea?"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Muulizeni alikunywa vikombe vingapi!"

Kisha nikaitwa mimi. Niliapa kwamba upatu haukuondoka mahali pake. Zhuang Ashui alinitazama muda mrefu. Alifikiri, nadhani, kwamba huenda masikio yake ndiyo yaliyomdanganya. Alinyang'anywa cheti cha urubani, akafa baada ya miaka minne akiwa mchukuzi gatini. Ukoo wake ulikataa kuweka kibao cha jina lake katika ukumbi wa mababu, na hadi leo hapati ubani wala wali wa sikukuu pamoja na wafu wenzake.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, binti yake, Zhuang Xiuzhen, alikuja kwangu. Wazee wa ukoo watakutana kabla ya siku ya kufagia makaburi, naye anataka kibao kile kiingizwe.

"Babu," aliniuliza, "wewe ulikuwa Tieding. Baba yangu alikuwa mlevi?"

Nikasema, "Hapana."

Akainama hadi paji likagusa sakafu, akanishukuru kwa neno lile moja. Ndiyo maana nimeita polisi nyumbani kwangu.

Zhuang Ashui alisikia sawasawa. Aliongoza meli sawasawa. Aliyeitia mwambani ni mimi.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na sikulazimishwa na mtu.

(Sahihi) Ke Wenbo

Maelezo haya nimeyaandika nyumbani kwa shahidi, kwa kuwa hawezi kutembea. Nilipomweleza kwamba anaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo, alijibu, "Basi fanyeni haraka." Nakala amekabidhiwa Zhuang Xiuzhen. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniambia karatasi haitoshi. Alisema wazee wale wa ukoo walimcheka baba yake kwa midomo, basi nao wasikie kwa masikio, kutoka kinywani mwa shahidi mwenyewe. Shahidi alikubali. Kesho saa tatu asubuhi atabebwa kwa kiti hadi ukumbi wa ukoo wa Zhuang. Zhuang Xiuzhen amesema mti mmoja wa kubebea kiti ataushika yeye.

Weng Shikai, Sajini